Nyasi za Birmingham zinapoamka kwa zamu

Katikati ya Aprili, treni inayotoka kituo cha New Street kwenda Selly Oak, Bournville na Kings Norton hupita nyuma ya nyumba. Abiria aliyekaa dirishani huona kile ambacho mpita njia wa barabarani haoni: viwanja vya nyasi vya uani, kimoja baada ya kingine, na ni nadra kukuta kimoja chenye rangi moja. Hapa kijani kilichokolea, pale njano, kando ya uzio kijivu kinachoelekea weusi, katikati duara lililoungua. Utadhani kanga imerukiwa na jiki.

Kwa macho ya mtu aliyekulia Tanga, Eldoret au Bujumbura, hiyo ni sura ya uzembe. Ndiyo maana kila mwaka, saa zikishasogezwa mbele mwishoni mwa Machi, ndugu zetu wengi wanaoishi huku hukimbilia dukani kununua mfuko wa mbolea. Nawaomba wasubiri. Mabaka mengi ya Aprili si ugonjwa, na yale machache ambayo ni ugonjwa mengi hayaponi kwa mbolea. Fedha hutoka, muda hupita, na mara nyingine uwanja huishia kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Tuanze na nyumbani. Kwetu, anayetaka uwanja wa nyasi kwa kawaida hapandi mbegu. Anatafuta ukoka, anaukatakata vipande, anavichomeka ardhini kwa mistari na kuvimwagilia, na baada ya miezi michache vimetambaa vikashikana. Pwani ya Kenya wengi hupenda ile ya majani mapana iitwayo nyasi ya Pemba. Nairobi na Limuru ni nyasi ya Kikuyu, mzaliwa wa nyanda zetu za juu ambaye leo ametapakaa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Kwa njia hiyo uwanja mzima unaweza kuwa umetokana na shina moja. Ukiona rangi moja kutoka ukuta hadi ukuta, ni kwa sababu ni mmea mmoja uliojirudia mara elfu.

Uwanja wa Birmingham haukuzaliwa hivyo. Ulitokana na mfuko wa mbegu za kuchanganya. Ndani yake kuna raigrasi, Lolium perenne kwa jina la kitaalamu, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya wanaifahamu kama malisho. Kuna feskyu nyekundu yenye majani membamba kama uzi, na mara nyingi kuna Agrostis. Juu ya hao walioalikwa wamekuja wasioalikwa, walioletwa na upepo, ndege na soli za viatu. Poa annua ina kijani cha kupauka na hutoa maua meupe mapema kabisa. Holcus lanatus, ambayo majani yake yana manyoya laini, huota kwa mafungu ya kijani kijivu. Halafu kuna klova, na penye unyevu na kivuli kuna kuvumwani, vile vimmea vifupi laini tunavyoviona kwenye kuta za visima.

Kila mmoja wa hawa ana saa yake ya kuamka. Raigrasi huanza kukua udongo ukifika nyuzijoto 5 au 6 hivi. Agrostis huchelewa, na hubaki na rangi ya majani makavu wakati jirani yake ameshafika kimo cha kukatwa. Ikifika mwisho wa Mei wote wameamka na tofauti imepungua sana, ingawa mafungu ya Holcus hayatapotea, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi yake ya kuzaliwa. Mtu akimwaga mbolea juu ya mkusanyiko huu mwishoni mwa Machi, anamlisha yule aliyekwisha kuamka na kumwacha aliyelala. Tofauti ya rangi inazidi.

Wala nyasi zetu zisingefanya vizuri zaidi huku. Ukoka na nyasi ya Kikuyu ni mimea ya jua na joto. Jalidi ikipiga, hugeuka rangi ya hudhurungi na kusinzia, na udongo wa Aprili wa Birmingham bado ni wa baridi mno kuziamsha.

Sababu ya pili iko chini ya miguu. Jiji la Birmingham limekaa juu ya ufa mkubwa wa kijiolojia unaokatiza kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Katikati ya jiji pako kwenye mgongo wa jiwe la mchanga. Upande wa mashariki, kuelekea Small Heath na Yardley, chini kuna mfinyanzi mwekundu mzito, udongo unaonata kwenye buti na kukauka kama kigae. Juu ya vyote hivyo barafu ya zama za kale iliacha mchanganyiko wake wa mchanga, kokoto na udongo, bila mpangilio. Matokeo yake nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na udongo tofauti, na hata uwanja mmoja ukawa na aina mbili. Udongo wa kichanga hupitisha maji na kupata joto haraka. Mfinyanzi hushika maji ya majira ya baridi, na maji yale huuchelewesha kupata joto. Nyasi zilizo juu ya mfinyanzi zinaamka baada ya zile za kichangani, hata kama ni mbegu ya mfuko uleule.

Ongeza kazi ya mikono ya watu. Nyumba nyingi za maeneo kama Sparkbrook na Handsworth zilijengwa zama za Malkia Victoria au muda mfupi baadaye, kila moja ikipashwa moto kwa makaa ya mawe, na majivu mengi yakaishia uani. Ukichimba bustani ya nyumba ya zamani ni kawaida kukuta majivu, vipande vya matofali, vigae na misumari. Kwenye nyumba mpya hadithi ni hiyohiyo: fundi hufukia kifusi, hutandaza udongo mwembamba juu, hufunika kwa nyasi za kuviringisha na kuondoka. Baka la njano lenye ncha zilizonyooka, la umbo la mstatili, linalorudi palepale kila mwaka, mara nyingi lina kitu chini yake. Chomeka uma wa bustani. Ukigonga kitu kigumu sentimita chache tu kutoka juu, umepata jibu bila kununua chochote.

Kuna baka moja, hata hivyo, ambalo halifai kusubiriwa bila kuchunguzwa. Nililionyeshwa na mzee mmoja wa Mombasa anayeishi Kings Heath miaka mingi sasa. Nilipita kwake Jumamosi asubuhi nikamkuta amepiga magoti kando ya kipande cha plastiki nyeusi kilichotandazwa juu ya nyasi na kukandamizwa kwa matofali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, wala usiogope, hawa hawang'ati."

Jioni ya jana yake alikuwa amemwagilia baka la njano hadi likalowa kabisa, kisha akalifunika. Alipofunua, juu ya nyasi walikuwa wamelala mabuu wengi wa rangi ya kijivu, wanene, wasio na miguu, wa urefu wa kama sentimita 3, ngozi yao ngumu kama mpira wa baiskeli. Hao ni watoto wa Tipula, mdudu mwenye miguu mirefu afananaye na mbu mkubwa, anayeonekana akigonga taa za nyumba kuanzia Agosti hadi Oktoba. Hutaga mayai kwenye nyasi, na mabuu hula mizizi kuanzia vuli, majira ya baridi yote hadi machipuko. Mzee alishika shada la nyasi kwa vidole viwili akalivuta. Likatoka lote bila kukataa, chini hakuna mzizi wa maana. Kisha akanionyesha matundu madogo kwenye udongo. "Ndege wamejua kabla yangu," akasema. Kwenzi na kunguru huchokoa hapo kutafuta mabuu, na mwenye nyumba asiyejua huwafukuza ndege akidhani ndio wanaoharibu.

Kwa sasa bustani za nyumbani Uingereza hazina dawa ya kemikali iliyoruhusiwa kwa mdudu huyu. Kinachotumika ni nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huchanganywa na maji na kumwagwa juu ya udongo wenye unyevu. Humwingia buu na kumuua. Ila nayo inataka udongo uwe umepata joto la nyuzi 10 au zaidi, na hufanya kazi vizuri zaidi Septemba na Oktoba wakati mabuu bado ni wadogo. Mzee alikwisha kufanya hesabu yake: aliacha plastiki ikafanya kazi ya kuwatoa mabuu, akawaacha ndege wale, na akaweka akiba ya mbegu za kupanda upya mabuu watakapomaliza muda wao.

Madoa mengine yana saini zinazosomeka kwa urahisi zaidi. Duara la majani yaliyoungua katikati, lenye pete ya kijani kilichokolea pembeni, ni mkojo, wa mbwa au wa mbweha. Mbweha wa mijini ni wakazi wa kawaida wa Birmingham, huruka uzio usiku na asubuhi huwaoni. Wengi hudhani mkojo unaunguza kwa sababu ya asidi. Kinachounguza ni wingi wa nitrojeni na chumvi mahali pamoja. Pale katikati ni nyingi mno, pembeni ni kiasi kinachostawisha. Mwenye mbwa anayemwaga maji mengi mahali pale mara tu baada ya mbwa kukojoa hutalikuta doa kwake.

Pete kubwa ya kijani inayozidi upana mwaka hadi mwaka, bila kuungua katikati, mara nyingi ni kazi ya uyoga uitwao Marasmius oreades, ambao unavyoozesha mabaki ya mimea ardhini huachia nitrojeni. Vipande vilivyolala na kuoza kwa rangi ya hudhurungi baada ya theluji au baridi ya muda mrefu ni ukungu, hasa kwa aliyeweka mbolea ya nitrojeni mwishoni mwa vuli. Mistari iliyonyooka ya kijani kilichokolea na kijani hafifu kwa kupishana ni mkono wa mwenye nyumba mwenyewe, aliyetawanya mbolea akaruka njia. Na uwanja wote ukionekana umepauka siku mbili baada ya kukatwa, inama utazame ncha ya jani moja. Kama imechanika nyuzinyuzi nyeupe badala ya kukatwa sawasawa, mwenye kosa ni kisu cha mashine, kimekuwa butu.

Swali linabaki: kwa nini tunadai uwanja uwe na rangi moja? Sehemu ya jibu iko Birmingham yenyewe. Kwenye mtaa wa Ampton Road, Edgbaston, kati ya mwaka 1859 na 1865, wakili Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara mwenye asili ya Hispania, walicheza mchezo wao mpya wa mpira na raketi kwenye nyasi za nyumbani kwa Perera. Huo ni mmoja wa mianzo ya tenisi ya nyasi duniani. Mwaka 1886 ukafunguliwa uwanja wa kriketi wa Edgbaston. Mpira unaodunda huhitaji nyasi fupi, ngumu na zilizo sawa. Kwa hiyo kipimo cha uwanja wa michezo kikahamia uani, mahali ambapo hakuna mpira unaodunda wala mtunzaji wa kulipwa.

Watanzania walioanza kuifuatilia Aston Villa mwaka 2020, Mbwana Samatta alipojiunga nayo, wamezoea kuona nyasi zenye mistari, kijani kilichoiva na kijani kilichopauka. Zile ni nyasi za rangi moja. Rola ya mashine huzilaza upande huu na upande ule, na mwanga hurudi tofauti. Viwanja vya Ligi Kuu ya England vina mabomba ya kupasha joto udongo, na vingi huletewa taa za kukuzia nyasi. Baba wa familia mwenye mashine ya kuazima hana sababu ya kujilinganisha navyo.

Kuna Birmingham nyingine ambayo mimi naiona bora. George Cadbury, wa familia ya chokoleti, alinunua ardhi mwaka 1893 kando ya kiwanda cha Bournville na kuanza kujenga kijiji cha nyumba zenye bustani. Nyumba haikutakiwa kuchukua zaidi ya robo ya kiwanja chake, na miti ya matunda ilipandwa kabla mkazi hajaingia. Mwaka 1900 mali hiyo ikawekwa chini ya wakfu, Bournville Village Trust, ambao upo hadi leo. Bustani pale ilikusudiwa kulisha watu na kuwapa hewa. Klova na tofaa kwenye uwanja kama huo si aibu. Klova hutengeneza nitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini mwake, na hubaki ya kijani kiangazi kinapokausha nyasi zote, kama kile cha Julai 2022 ambapo Uingereza ilivuka nyuzijoto 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wapangaji, na wengi wetu ni wapangaji. Mkataba wa kupanga mara nyingi humtaka mpangaji atunze bustani. Mtu anahama Aprili, wakala anakuja kukagua, anaona mabaka, na mara amana inatajwa. Nimewasikia watu wakikubali kukatwa fedha kwa sababu tu waliona haya, wakaamini kweli wameua nyasi za watu. Sheria iko wazi zaidi kuliko wanavyodhani. Tangu tarehe 6 Aprili 2007, amana ya mkataba wa kawaida wa upangaji England lazima ilindwe na mfumo unaotambuliwa na serikali, na leo mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo. Mifumo hiyo ina usuluhishi usio na malipo, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuthibitisha hasara. Amana ni fedha ya mpangaji mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo piga picha za nyasi siku unayoingia, ukiwa umesimama mahali ambapo dirisha au mlango unaonekana, na uhakikishe tarehe inasomeka. Kama uliingia Julai na unatoka Aprili, sema hivyo kwa maandishi. Nyasi za Julai na nyasi za Aprili hazilinganishwi.

Wengine, wakichoka, huamua kufunika uwanja wote kwa nyasi za plastiki, au kumwaga zege. Naelewa uchovu wa mtu anayefanya kazi zamu za usiku hospitalini au ghalani, lakini nasema bila kusita kwamba ni uamuzi mbaya. Plastiki hupata joto kali juani mpaka mtoto hawezi kuikalia, nyungunyungu walio chini hukosa chakula, na mkojo wa mbwa hubaki ukinuka. Zege hukataa maji, na maji ya mvua huenda kwa majirani. Wakazi wa Selly Park karibu na mto Rea walifurikiwa tarehe 27 Mei 2018 mvua kubwa ilipopiga kwa muda mfupi. Uwanja wa mbele ya nyumba una sheria yake tangu Oktoba 2008: anayetaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyapa maji njia ya kuingia ardhini, anahitaji kibali.

Kazi ya machipuko yenyewe ni ndogo. Kata mara ya kwanza nyasi zikiwa zimekauka, kwa kimo cha sentimita 4 hivi, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Penye udongo ulioshindiliwa, chomeka uma kina cha sentimita 10, kila hatua kama upana wa kiganja, utikise kidogo na kuuchomoa. Mbolea isubiri hadi uone nyasi zinakua zenyewe, kwa kawaida katikati ya Aprili au baadaye, na uigawe mafungu mawili: moja ukitembea urefu wa uwanja, la pili ukitembea upana. Kuvumwani huuawa kwa salfati ya chuma, nacho hugeuka cheusi baada ya siku chache, kisha hukwanguliwa kwa reki. Ila angalia isimwagike kwenye vigae au zege, kwa sababu huacha madoa ya kutu yasiyotoka. Ukiua kuvumwani bila kuondoa kivuli na unyevu vilivyokileta, mwakani kitarudi.

Mabaka yaliyobaki yaache hadi mwisho wa Mei. Yatakayokuwa hayajabadilika wakati huo ndiyo ya kuchimbwa, na yakionekana hayana kifusi wala mabuu chini yake, yapande mbegu mpya Septemba, wakati udongo una joto na mvua imerudi. Mfuko wa mbolea ulioununua Machi, uhifadhi pakavu, mbali na watoto.